Samaki Aliyefifia: Mwanga na Rangi katika Tangi la Mwalimu wa Ujiji

Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri watatu katika kazi ya kichungaji kwenye parokia moja ya hapa kando ya ziwa. Jumamosi moja, baada ya sala ya jumuiya ndogondogo, mwalimu mmoja mstaafu wa Ujiji alituomba tubaki nyuma. Alituingiza sebuleni, akatuonyesha tangi la kioo, urefu wake kama mita moja na nusu, lenye samaki sita. "Mafrateri," alisema, "yule kijana wa Katonga amenitapeli. Hawa samaki amewapaka rangi, nayo sasa imetoka."

Samaki wenyewe ni wale ambao katika biashara ya samaki wa mapambo huitwa duboisi wa Maswa, kwa jina la kitaalamu Tropheus duboisi. Maswa ni sehemu ya pwani iliyo kusini mwa mji wa Kigoma. Mkubwa wa aina hii ana kichwa cha bluu, mwili mweusi, na mkanda mpana wa manjano unaomzunguka kifuani kama mshipi. Wale wa Mwalimu walikuwa na kichwa cha kijivu, mwili wa rangi ya majivu ya moto, na mkanda uliokaribia kuwa mweupe.

Jambo lingekuwa dogo kama lingeishia sebuleni. Lakini Mwalimu alikwisha kulisema mbele ya watu, na kijana mwenyewe, mpiga mbizi anayefanya kazi chini ya mwenye leseni ya kukamata samaki wa mapambo, ni mwanakwaya wa parokia hiyohiyo. Wiki mbili alikuwa hajaonekana kwenye mazoezi. Mwalimu alitaka sisi, kama watu wa Kanisa, tukamwonye. Tulimwomba kwanza atupe muda wa kuangalia, na tunashukuru kwamba alikubali.

Tuseme kwa haki kwamba shutuma yake haikuwa ya kipuuzi. Katika biashara ya viumbe vya akwariamu duniani, kupaka rangi kupo kweli. Anayeteswa zaidi na ulaghai huo ni mnyama wa baharini aitwaye anemoni, yule laini anayefanana na ua, ambaye samaki wadogo wa rangi ya machungwa hujificha katikati ya minyiri yake. Wapo wauzaji wanaomtia rangi kali ya njano au waridi ili avutie macho. Mnunuzi akimfikisha nyumbani, rangi hupotea polepole, na mara nyingi mnyama naye hufa.

Inafaa tubaki kidogo kwa huyo anemoni, maana ndiye anayeeleza vizuri kuliko wote namna mwanga unavyogeuza rangi ya kiumbe. Anemoni wengi wanaokaa kwenye matumbawe, kama wale wa Mafia, Zanzibar au Mombasa, hawana rangi ya kahawia yao wenyewe. Kahawia ile ni ya miani midogo mno inayoishi ndani ya nyama yao kwa maelfu. Miani hiyo hupokea mwanga, hutengeneza chakula, na sehemu ya chakula hicho humlisha mwenye nyumba. Mwanga ukiwa hafifu kwa muda mrefu, miani hupungua na mnyama hupauka. Mwanga ukiwa mkali ghafla, au maji yakipata joto kupita kiasi, miani huharibika, mnyama huitoa, naye hubaki mweupe kama karatasi. Ndilo lililoyapata matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto kubwa. Kwa hiyo anemoni mweupe anayependeza dukani kwa kawaida ni mgonjwa mwenye njaa, na yule wa kahawia ambaye hakuna anayemtazama ndiye mzima.

Juu ya kahawia hiyo, wengine wana kemikali ndani ya ngozi zinazopokea mwanga wa bluu na kuurudisha ukiwa wa kijani au mwekundu. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya na Marekani hufunga taa za bluu juu ya akwariamu zao za maji ya chumvi, na wanyama huwaka kama taa za harusi.

Ziwani kwetu hakuna anemoni. Hata hivyo yupo ndugu yake wa mbali, ambaye wavuvi humwona nyakati fulani akielea kwa wingi: yavuyavu mdogo, mwenye upana wa sentimita mbili hivi, anayeonekana kama tone la maji lenye ukingo. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883, na kuonekana kwake katika maji baridi, mbali na bahari kiasi hiki, kuliwafanya wataalamu wabishane miaka mingi. J. E. S. Moore alidai kwamba Tanganyika iliwahi kuwa mkono wa bahari. Msafara wa Cunnington wa 1904 na 1905 ukaja kulivunja dai hilo. Katika miaka yetu hii watafiti wamekuta ndani ya mwili wa yavuyavu huyo bakteria wadogo sana wanaotumia mwanga kutengeneza chakula. Kumbe ule ushirika wa mnyama na mwanga upo hata hapa, mbele ya Kigoma, ndani ya kiumbe ambaye wengi wetu tumemkanyaga ufukweni bila kumjua.

Turudi sebuleni. Tulianza kwa kumwuliza Mwalimu aliwaona wapi samaki hao mara ya kwanza. Alijibu: Katonga, asubuhi, nje, ndani ya pipa jeusi la plastiki. Kisha tukatazama walipo sasa. Taa moja ilining'inia juu ya tangi, nayo ilikuwa ya mwanga wa njano, ile ambayo kwenye boksi lake imeandikwa 2700K. Chini ya tangi palikuwa na vigae vyeupe vilivyosafishwa hadi vinang'aa. Chakula kilikuwa mkate na dagaa waliosagwa. Mambo yote matatu yalikuwa kinyume cha ziwa.

Ngozi ya samaki ina seli za rangi za aina mbalimbali. Zipo zenye chembechembe nyeusi. Zipo zenye rangi za njano, machungwa na nyekundu, ambazo nyingi ni za jamii ileile inayolipa karoti na mawese rangi yake; samaki hawezi kuzitengeneza mwenyewe, ni lazima azile. Na zipo zenye vijisahani vyembamba vinavyorudisha mwanga kama vioo. Hizi za mwisho ndizo zinazoleta bluu. Ukisaga ngozi ya bluu ya samaki hupati unga wa bluu, kwa sababu bluu hiyo inatokana na jinsi vijisahani vilivyopangwa, vikiwa na seli nyeusi nyuma yake. Duboisi mmoja anazo zote tatu: bluu kichwani, nyeusi mwilini, njano kifuani. Mwanga humgusa kila moja kwa njia tofauti na kwa kasi tofauti, na hiyo kasi ndiyo iliyotusaidia.

Bluu ilikuwa rahisi. Kioo hakiwezi kurudisha kitu ambacho hakikupewa, na taa ya njano hutoa bluu kidogo. Tulinunua mjini taa nyeupe ya 6500K, inayokaribia mwanga wa mchana, tukabadilisha. Palepale, kabla Mwalimu hajarudi kwenye kiti chake, vichwa vya samaki vilikuwa vya bluu. Alinyamaza. Kisha akatuomba tuirudishe ile ya kwanza, kijivu kikarudi, akataka tena nyeupe. Alifanya hivyo mara nne, kama mwalimu wa sayansi anayehakiki kazi ya mwanafunzi asiyemwamini sana.

Hapa yafaa tukumbuke maji yenyewe yanavyofanya. Maji hula mwanga, nayo huanza na mwekundu. Katika maji safi, ukishuka mita chache tu, sehemu kubwa ya mwekundu imekwisha. Machungwa na manjano hufuata. Bluu na kijani husafiri mbali zaidi. Mpiga mbizi akijikata kidole kwenye kina kirefu huona damu yake nyeusi, au ya kijani. Tanganyika, yenye kina cha mita 1,470 pale inapozama zaidi, ni ziwa safi ajabu: sehemu nyingi unaweza kukiona kisahani cheupe kikishuka mita kumi na zaidi kabla hakijapotea. Duboisi huishi kwenye mawe, kwa kawaida chini kidogo ya ndugu zake wengine wa jamii ya Tropheus. Huko mwanga umeegemea bluu, na kichwa cha bluu kando ya mwili mweusi huonekana mbali.

Jambo la pili lilichukua siku. Chembechembe nyeusi ndani ya seli zinaweza kukusanyika katikati au kutawanyika. Zikikusanyika samaki hupauka, zikitawanyika huwa mweusi. Samaki wengi hufanya hivyo kulingana na mahali walipo: jicho hupima mwanga unaotoka juu na ule unaorudi kutoka chini, na mwili hujirekebisha. Juu ya sakafu nyeupe iliyojaa mwanga, mweusi ni wa kuliwa na ndege. Tulitoa vigae, tukaweka mawe meusi na mchanga wa kawaida, na kuyapanga mawe hivi kwamba kuwe na vivuli. Jioni ya siku hiyo wawili walikwisha kuanza kuwa weusi, na baada ya siku tatu walikuwa watano. Wa sita alibaki amepauka, maana wenzake walikuwa wakimfukuza kona moja hadi nyingine. Tropheus ni wagomvi, hutaka kundi kubwa ili ugomvi ugawanyike. Woga nao una rangi yake.

Manjano yalitukawiza. Hapa mwanga haufanyi kazi kwenye samaki, unafanya kazi kwenye jiwe. Jua likifika kwenye mawe ya ziwani, huotesha utando wa miani, na Tropheus siku nzima hupalilia utando huo kwa midomo yao iliyoundwa kwa ajili hiyo. Humo ndimo wanamopata njano yao. Mkate hauna kitu hicho. Tena mkate na chakula kizito cha nyama huweza kumvimbisha tumbo samaki wa namna hii, na kabla hatujafika Mwalimu alikwisha kumzika mmoja aliyevimba. Tulifanya mambo mawili: tukaacha taa nyeupe iwake saa kumi na moja hivi kila siku ili utando uote kwenye mawe ya tangi, na tukamshauri Mwalimu anunue chakula cha majani ya majini badala ya mkate. Wiki ya kwanza hapakuwa na mabadiliko. Ya pili, mawe yakawa ya kijani na Mwalimu akalalamika kwamba tangi limechafuka. Ya nne, mkanda wa mmoja ulikuwa na umanjano wa siagi.

Linganisheni na anemoni. Yeye amewaweka wakulima ndani ya mwili wake, duboisi huwafuata shambani. Wote wawili ukiwanyima mwanga unawanyima chakula, na rangi ndiyo inayotangulia kutoa taarifa.

Tulipokuwa tukingoja wiki hizo, mazungumzo yaligeukia darasani kwetu. Mwalimu aliuliza swali ambalo tulijidai tunalo jibu lake: basi rangi halisi ya samaki huyu ni ipi? Ya taa ya njano, ya taa nyeupe, au ya ziwani? Aristotle, katika kitabu chake juu ya roho, aliandika kwamba rangi haionekani pasipo mwanga, na kwamba mwanga ni utimilifu wa kile kinachopenyeka, yaani hewa na maji. Mtakatifu Thomas, katika sehemu ya kwanza ya Summa, anataja maoni mawili: wapo wanaosema mwanga unahitajika ili rangi zenyewe ziweze kuonekana, na wapo wanaosema unahitajika kwa ajili ya kile kilicho kati ya jicho na kitu. Karne nyingi baadaye Galileo, mwaka 1623, alisema kwamba rangi, ladha na harufu viko ndani ya mwenye kuhisi, si ndani ya vitu. Mmoja wetu ni mfuasi wa Galileo kila anapochelewa kula, na alimtetea kwa bidii usiku ule.

Maoni yetu sisi wawili wengine ni kwamba samaki huyu anamtia Galileo mashakani. Kuna kitu kwenye ngozi yake, mpangilio wa vijisahani, ambacho hakikubadilika tulipobadilisha taa. Kilikuwa tayari kurudisha bluu hata gizani, ila hakikupewa. Na mpangilio ule haukuwekwa kwa ajili ya sebule ya Ujiji. Umewekwa kwa ajili ya mwanga wa kina fulani na macho ya aina fulani, yaani ya duboisi wengine. Kama neno "halisi" lina maana hapa, basi ni rangi inayoonekana katika mwanga wa nyumbani kwake na mbele ya walengwa wake. Mwalimu alisema jibu hilo linapata alama sita kwa kumi.

Wala si suala la falsafa tupu. Katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, kuna samaki wadogo wawili wa mawe walio karibu sana kiukoo: mmoja madume yake ni ya bluu, mwingine ni mekundu mgongoni. Huyu mwekundu wataalamu wamempa jina la Baba wa Taifa, Pundamilia nyererei. Maji ya Victoria yamejaa tope na miani, hivyo huko bluu hupotea upesi na mwekundu ndio unaoshuka. Wa bluu hukaa juu, nyererei hukaa chini zaidi, na majike humtambua dume wa kwao kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi. Chini ya mwanga mweupe, majike walichagua dume wa aina yao. Chini ya mwanga wa rangi moja ya machungwa, ambao bluu na nyekundu havitofautiani, upendeleo huo ulipotea. Mwaka 1997 walichapisha kwamba mahali ambapo maji yamechafuka sana, aina za samaki huchanganyikana na kupungua. Taa ya 2700K ya Mwalimu, kwa namna fulani, inawashwa juu ya ziwa zima.

Jambo hilo linatugusa hapa. Baada ya mvua kubwa, simama ufukweni kusini mwa Ujiji, upande unakoingia mto Luiche, utaona maji mekundu yakisukumana na maji ya bluu. Ule ni udongo wa mashamba ya milimani yaliyokatwa miti. Udongo huo huzuia mwanga, halafu hutua juu ya mawe na kuufunika utando ambao Tropheus hula. Hapo samaki hanyimwi rangi peke yake, ananyimwa pia chakula, na pia njia ya kumtambua mwenzake. Pwani ya Gombe, ambako msitu bado umesimama, na pwani ya vijiji ambako mlima umebaki majani makavu, zinatazamana na ziwa lilelile.

Mwanga na samaki si habari ngeni Kigoma, kwa kweli. Usiku usio na mwezi bado wavuvi wa dagaa huwasha taa, zamani karabai na sasa nyingi za umeme wa jua au betri, na ziwa huonekana kama mji mwingine. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa sababu mwanga umetapakaa na taa yao haina tena nguvu ya kuvuta. Kila mtu hapa anajua kwamba mwanga humwita samaki. Kwamba humvika na kumvua nguo, hilo ndilo tulijifunza kwa kuchelewa. Tulikumbuka pia kwamba tarehe 13 Februari 1858, Burton na Speke walipofika ziwa hili, Burton aliliona likimetameta na Speke, macho yake yakiwa yameugua, aliona ukungu na mng'ao tu. Ziwa lilikuwa lilelile.

Anayetaka kufuga samaki wa mawe wa ziwani kwetu, basi, afuate haya machache: taa nyeupe ya mwanga wa mchana, saa kumi hadi kumi na mbili, maana hapa mchana wetu hauzidi wala haupungui sana mwaka mzima, giza la kweli usiku, chini pasiwe peupe, mawe yaachwe yaote kijani. Taa za bluu za akwariamu za bahari ziachwe kwa anemoni, maana kwa duboisi zinamvika bluu isiyo yake. Na anayenunua duboisi wadogo ajue kwamba watoto huwa weusi wenye madoa meupe mwili mzima, nao wakikua madoa hufutika. Hapo taa haihusiki, wala muuzaji.

Jumapili ya mwisho ya likizo Mwalimu alitutaka tumsindikize Katonga. Kijana alikuwa akikung'uta kamba za wavu. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, bila kusimama. Mwalimu aliitikia, akakaa juu ya ubavu wa mtumbwi, akaanza kueleza habari ya taa, ya vigae, ya mkate. Alieleza kwa muda mrefu, kama kipindi cha dakika themanini. Mwisho alisema, "Nilikusema vibaya mbele ya jumuiya, na mbele ya jumuiya hiyohiyo nitalirudisha neno langu Jumamosi." Kijana alimwuliza tu samaki wamebaki wangapi. Alipoambiwa sita, alisema sita ni wachache, watauana, wanatakiwa wawe kumi na tano au zaidi, na tangi lile ni dogo.

Jumamosi ile hatukuwepo, tulikwisha kurudi seminarini. Mwalimu ametuandikia kwamba alisema alichoahidi, kwamba mkwaruzo na tenori bado upo lakini kijana ameanza kuja kwenye mazoezi, na kwamba yule wa sita, aliyekuwa akifukuzwa, amepata jiwe lake na kichwa chake kimekuwa cha bluu.